Mkimbiaji Akiacha Mbio

Kuna maneno yanayosemwa bwenini ambayo nataka kuyajibu humu, kwa kuwa hata wazazi wengine huyasema. Wasema ya kuwa mkimbiaji akiacha kukimbia ili afundishe wengine, basi amekwisha. Mimi sikubali.

Tumtazame Suleiman Nyambui, mtu wa kwetu, mzaliwa wa Majita. Mwaka 1980 huko Moscow alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, na tofauti yao haikufika sekunde moja. Mwaka 1987 na 1988 alishinda marathoni ya Berlin. Kisha akawa mwalimu wa wakimbiaji, na pia Katibu Mkuu wa chama cha riadha cha taifa. Kazi hizo hazina vigelegele. Hata katika mieleka ya kulipwa, ambayo wenzangu huipenda mno, Fit Finlay wa Ireland ya Kaskazini aliwafundisha wanawake wa mchezo huo nyuma ya pazia. Walioshangiliwa ni wao.

Na neno lenyewe twalo hapa Mara. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 alisema anang'atuka, neno alilolitoa katika Kizanaki cha kwao. Alirudi Butiama, lakini alibaki Mwenyekiti wa Chama hadi 1990, na miaka yake ya mwisho alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Nani atasema alikuwa amekwisha?

Mita 5,000 ni mizunguko kumi na mbili na nusu ya kiwanja. Mtoto wa Kidato cha Kwanza huuanza mzunguko wa kwanza kana kwamba afukuzwa na nyuki, na ukifika wa nane anatembea, ameshika kiuno. Si mgonjwa, hana mtu wa kumwambia tu. Ukisimama mstarini na saa ukamtajia sekunde 80 kila mzunguko, naye akazishika, atamaliza kwa dakika 16 na sekunde 40. (Nyambui kule Moscow alikwenda kwa sekunde 64 hivi!) Hesabu hiyo ni ya kichwa zaidi kuliko miguu, na huifundisha vyema yule ambaye kifua chake mwenyewe kimewahi kuwaka moto.

Muhula huu nimemwomba Mwalimu wa Michezo aniondoe katika timu, niwafundishe wadogo. Baba yangu, aliye Bunda, hakupendezwa. Alisema cheti hakipewi mshika saa. Neno lake ni kweli, nami namheshimu: siku ya zawadi wakimbiaji huitwa mbele mmoja mmoja, na aliyewafundisha hukaa nyuma kabisa. Nawaomba walimu walitazame jambo hilo. Lakini nikikimbia mwaka huu, nitapata cheti changu, na mwezi wa Mei, mtihani wa Kidato cha Sita ukiisha, nitaondoka na yote niliyojifunza, kama alivyoondoka nahodha aliyenitangulia, na wadogo wataanza tena kufukuzwa na nyuki.

Wako kumi na mmoja sasa. Twaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya usafi. Anayetaka kuwa wa kumi na mbili na aje, awe na viatu au hana.