Pua hutambua jani, haipimi madhara

KILA likizo ya shule inapofika, kuna jambo ambalo huwakosesha usingizi wazazi wengi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya. Mama anafua nguo, anachukua shati la kijana wake, na mara anasikia harufu ya bangi. Afanye nini? Amwite baba? Amfukuze mtoto nyumbani?

Vijana nao wana lao. Wanaambiana kwamba bangi inayonukia kama limau au embe ni laini, haina neno, na kwamba mbaya ni ile inayonuka vikali. Mzazi anaiamini pua yake, na kijana vilevile. Leo tutazame pua hiyo inajua nini na haijui nini.

Harufu hutoka wapi

Chukua ganda la chungwa au la limau, ulikunje karibu na mwali wa mshumaa. Utaona cheche ndogo zikiruka. Kilichowaka ni mafuta yaliyomo gandani, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho limonini. Limonini imo katika jamii kubwa ya kemikali za mimea ziitwazo terpini. Jina hilo limetokana na tapentaini, ile inayokamuliwa kutokana na utomvu wa misonobari. Mjerumani Otto Wallach, aliyezichunguza kwa miaka mingi, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1910.

Terpini ni nyepesi na huruka hewani upesi, ndiyo maana hutufikia puani. Mimea mingi huzitumia kujikinga na wadudu na wanyama wanaoila. Wewe mkazi wa mlimani unaishi katikati yake. Ukipita kwenye misonobari iliyopandwa kando ya msitu, unayosikia ni pinini. Ukisugua jani la mkaratusi, unasikia sineoli. Ukitia mchaichai katika chai, au ukikata embe bivu lililonunuliwa sokoni Karatina, kuna mirsini. Pilipili manga na karafuu zina kariofilini.

Bangi nayo hutengeneza vitu hivi hivi. Wanasayansi wamekwisha kutambua zaidi ya terpini 100 katika mmea huo, nyingi zikiwa ndani ya vinywele vidogo vyenye utomvu juu ya maua ya mmea jike. Mmea mmoja ukiwa na limonini kwa wingi, utanukia kama limau. Wenye pinini utakumbusha msonobari. Hopsi, zile zinazotiwa katika bia ili ziipe uchungu na harufu, ni binamu wa bangi na zina mirsini na kariofilini vilevile. Ama kuhusu ule uvundo mkali ambao watu huujua kutoka mbali, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba hautokani na terpini hasa, bali na chembechembe za kemikali zenye salfa, jamaa za zile zinazopatikana katika kitunguu saumu.

Kinacholevya hakinuki

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu, msomaji. Kitu kinachomlevya mvutaji wa bangi si terpini. Ni kemikali iitwayo THC, ambayo Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni wa Israeli waliitenga na kueleza umbo lake mwaka 1964. THC yenyewe haina harufu. Hata mbwa wa polisi wanaofundishwa kunusa bangi huongozwa na vitu vingine vinavyoruka hewani, kama vile oksidi ya kariofilini, wala si THC.

Kwa hivyo harufu ya limau haikuelezi kama msokoto una THC kidogo au nyingi. Misokoto miwili inaweza kunukia sawasawa, mmoja ukiwa na nguvu maradufu ya mwingine. Bangi iliyolimwa kwa kificho au kusafirishwa kutoka Ethiopia kupitia Moyale na Isiolo haina karatasi ya kuonyesha vipimo. Muuzaji mwenyewe hajui.

Kuna wanaodai kwamba terpini hubadilisha namna bangi inavyomwathiri mtu: mirsini humfanya asinzie, pinini humchangamsha akili, limonini humwondolea wasiwasi. Je, ni kweli? Mengi ya madai hayo yametokana na majaribio ya panya waliopewa vipimo vikubwa mno. Kwa binadamu ushahidi ni haba. Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani walichapisha jaribio la watu wazima 20 wenye afya njema. Limonini nyingi ilipochanganywa na THC, wasiwasi unaoletwa na THC ulipungua kiasi. Limonini peke yake haikutofautiana na mvuke usio na dawa. Hayo yalifanyika katika maabara, kwa vipimo vya mizani, chini ya uangalizi wa wataalamu. Usimkubalie mtu akuambie kwamba msokoto wa kichochoroni ni sawa na hayo.

Isitoshe, terpini ikipata joto kali haibaki ile ya ganda la limau. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, pia Marekani, walionyesha kwamba terpini zikichomwa kwa joto la juu hutoa benzini, ambayo husababisha saratani. Kitu kunukia vizuri kabla ya kuwashwa hakukifanyi kiwe salama kikishawashwa.

Mlima nao umeumia

Jambo hili si la mapafu na akili pekee. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) liliuchunguza msitu wa Mlima Kenya kutoka angani. Lilihesabu zaidi ya miti 6,700 ya kafuri iliyokatwa, ule mti wenye kunukia ambao Wakikuyu huuita muthaiti. Katika uchunguzi huo yalionekana pia mashamba ya bangi yaliyofichwa ndani ya msitu. Ili shamba kama hilo lipate jua, miti ya asili hufyekwa, na mito inayotunywesha maji ndiyo inayoumia.

Mzazi afanye nini?

Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya zaidi ya laki 5, wenye umri wa miaka 15 hadi 65, walikuwa wakitumia bangi. Basi mzazi asidhani yeye peke yake ndiye aliyepatwa.

Kwanza, shati si shahidi kamili. Moshi hushika nguo, hata za yule aliyekaa tu karibu na wavutaji. Ukimhukumu mtoto kwa harufu peke yake, huenda ukamwadhibu asiye na hatia, na siku atakapokuwa na shida ya kweli hatakuja kwako. Muulize kwa utulivu, nawe umsikilize.

Pili, shati safi nalo si shahidi. Siku hizi bangi hutiwa katika biskuti na keki, na aliyekula hana moshi nguoni. Tena bangi ya kula huchelewa, kati ya nusu saa na saa 2, kwa hivyo kijana huongeza kipande cha pili akidhani cha kwanza hakikufanya kazi. Mtoto akionekana mlegevu au amechanganyikiwa baada ya kula kitu, mpeleke hospitali na umwambie daktari ukweli bila kuona haya.

Nawe mwanafunzi, elewa kwamba ubongo wako unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Anayeanza bangi mapema na kuitumia mara kwa mara huhatarisha kumbukumbu na umakini wake, na wengine hupatwa na maradhi ya akili. Isitoshe, sheria ya mwaka 1994 inakataza kuilima, kuiuza na hata kuwa nayo. Mbele ya hakimu, kusema ilikuwa ya limau hakutakusaidia.

Anayehitaji msaada anaweza kupiga simu NACADA, namba 1192, bila malipo. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje kwa mkono wa upole asije akavunjika.