Mchoraji wa Kambini Aachiwe Rangi Zake

Kuna agizo ambalo halijaandikwa popote, lakini vijana wanaochora Nakivale wanalijua: ukitaka wageni waitazame picha yako, chora hema la turubai, chora mama amebeba mtoto mgongoni, na machozi kidogo. Ukichora ziwa, au ukibandika udongo na maganda makavu ya mgomba ili vilima vya Isingiro vionekane jinsi vinavyokauka wakati wa jua, utaulizwa: "Sasa hapa ukimbizi uko wapi?"

Swali hilo ni dharau. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwaka 1958. Wako watu waliozaliwa hapa na sasa wana wajukuu. Aliyelima udongo huu miaka ishirini anazijua rangi zake, ukilowa na ukipasuka. Kumlazimisha achore tu njia aliyopita ni kumwambia kwamba bado hajafika.

Mtazameni Sanaa Gateja (ndiyo, jina ni hilo, neno letu kabisa). Alizaliwa mwaka 1950 huko Kisoro, wilaya ile ile ambamo Wakongomani wengi huingilia kupitia Bunagana, wakapokelewa Nyakabande, kisha baadhi yao wakaletwa kwa mabasi hadi Nakivale. Huchukua karatasi kuukuu, hata za kampeni za uchaguzi, zikakunjwa kuwa shanga, zikashonwa juu ya lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. Mti ukichunwa hufungwa majani ya mgomba, nao huota gome jipya. Lile lililochunwa hupondwa kwa nyundo za mbao hadi lilainike na kutanuka, kisha huanikwa juani likawa na rangi ya tofali. Ni ufundi wa Waganda ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Kazi ya Gateja ukiiona kwa mbali utadhani ni shamba, au maji yenye mawimbi; ukisogea, ni karatasi zilizotupwa. Mwaka 2024 alikuwa miongoni mwa wasanii wa banda la Uganda huko Venice. Sidhani kama kuna aliyemdai machozi.

Najua watakaonijibu: mgao wa chakula ulipunguzwa mwaka 2023, watu wanalala njaa, wewe unatuletea habari za rangi? Nawajibu kwamba rangi za dukani na vitambaa vya kuchorea ndivyo vinavyotushinda bei hapa Mbarara. Gome, udongo, gunia la mgao lililokwisha kazi, karatasi, hivyo tunavyo. Na shanga za Gateja hazikunjwi na mtu mmoja. Wanawake wengi wamepata kipato humo. Wengine huziita kazi hizi "kazi za mikono" na kuzipeleka kwenye meza ya vikapu na bangili. Sina ugomvi na vikapu, mama zetu wametusomesha kwavyo. Ila kazi ya kutundikwa ukutani itundikwe ukutani, na mwenyewe aitwe mchoraji.

Kwa hiyo wanaoandaa maonyesho ya Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, wafute zile mada za "safari" na "mateso", waache nafasi wazi. Na kati ya waamuzi, angalau mmoja awe mtu anayechora, tena anayeishi Juru, Rubondo au Base Camp.