Gurudumu Linapolia

Akina mama wengi huambiwa na fundi kwamba pedi za breki zimekwisha. Hulipa, wakaondoka, na baada ya miezi michache huambiwa yale yale. Pedi zinazolika upande mmoja zina sababu yake. Kuzibadilisha bila kuitafuta sababu hiyo ni kutupa fedha, tena ni kuwahatarisha watoto tunaowapeleka shule kila asubuhi. Wapo wanaodhani mambo haya ni ya waume zetu. Sisi hatukubali: anayelisikia gari kila siku ni yule anayeliendesha.

Basi, wapenzi wasomaji, tuanze na sauti. Mlio mkali kama filimbi, unaosikika mnapokanyaga breki, mara nyingi hutoka kwenye kibati kidogo cha chuma kilichowekwa makusudi katika pedi nyingi ili kiguse diski pedi inapokuwa nyembamba. Hilo ni onyo, na bado mna nafasi ya kwenda gereji. Lakini mkisikia chuma kinasaga chuma, msiendelee na safari, kwani pedi imekwisha kabisa na diski yenyewe inaliwa. Mkwaruzo mwepesi baada ya usiku wa mvua, unaokoma mkishakanyaga breki mara mbili tatu, ni kutu tu ya juu ya diski. Na kokoto ikinaswa kati ya diski na bati linaloikinga, hupiga kelele za kutisha kuliko ugonjwa wowote, na dawa yake ni kuitoa.

Mngurumo unaozidi kadiri mwendo unavyozidi, mkanyage breki msikanyage, kwa kawaida si wa pedi. Hapo ni vyema kushuku beringi ya gurudumu au tairi iliyolika vibaya. Mngurumo wa tairi hubadilika lami inapobadilika. Ule wa beringi mara nyingi hubadilika katika kona. Mkikata kulia, uzito huelemea magurudumu ya kushoto. Sauti ikizidi hapo, anzeni kutazama kushoto.

Turudi kwenye pedi, maana huko ndiko fedha zinakopotea. Katika magari madogo mengi, kalipa, yaani kile chuma kinachozibana pedi, ina pistoni upande wa ndani tu. Pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini zake na kuivuta pedi ya nje. Pini zikikauka grisi au zikishika kutu, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani huliwa hadi kwenye chuma huku ya nje ikiwa bado nene. Fundi anayechungulia kupitia matundu ya rimu ataiona ya nje peke yake, na atawaambia breki ni nzima. Mwambieni alifungue gurudumu. Pedi iliyobaki milimita 3 ibadilishwe, na za magurudumu yote mawili ya mbele zibadilishwe pamoja.

Pedi zote mbili za gurudumu moja zikilika kuliko za mwenzake, yaelekea pistoni imekwama, au mpira unaopitisha mafuta ya breki umeharibika kwa ndani na kuyazuia yasirudi. Baada ya safari fupi, sogezeni kiganja karibu na rimu za mbele, bila kuzigusa. Ikiwa moja ni moto sana kuliko ya pili, huenda breki yake haiachii, na gari laweza kuvuta upande huo.

Gari likiinuliwa kwa jeki mahali tambarare, hendibreki imefungwa na mawe yamewekwa kwenye magurudumu mengine, shikeni gurudumu juu na chini mlitikise. Likicheza, beringi au boljointi imechoka. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Vumbi la breki nalo lisipulizwe, kwa kuwa pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lifuteni kwa kitambaa chenye maji.

Fundi akishafungua, ombeni pini zisafishwe na kupakwa grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida yaweza kuvimbisha mipira yake, na pini zikakwama tena. Ombeni pia mwonyeshwe pedi kuukuu zote nne, za ndani na za nje, kabla hazijatupwa.