Laini mbili za intaneti: Njia mbili zilimshinda fisi

Mfanyabiashara wa Nyamwage, aliye kando ya barabara kuu ya kusini, hahitaji kuelezwa hasara ya kutegemea njia moja. Mapema Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, na waliotaka kufika Lindi wakalazimika kuzungukia Songea. Siku chache baadaye, Mei 12, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja nje ya pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania nzima.

Pigo hilo la pili linamgusa mwenye mzigo ghalani. Korosho, tangu msimu wa 2024/25, zimekuwa zikiuzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnunuzi asipoweza kuingia mnadani, ushindani hupungua, na bei ya mkulima huwa mashakani.

Kampuni nyingi hujitetea kwamba zina watoa huduma wawili. Hiyo ni nusu ya jibu. Mitandao huchagua njia kwa utaratibu uitwao BGP. Kwa data inayotoka, kampuni ndiyo yenye amri: huipa njia moja alama ya juu, na ruta zake hutii. Kwa data inayoingia, wanaochagua ni wengine. Kampuni inaweza kuirudia namba ya mtandao wake mara tatu katika tangazo la upande mmoja ili njia hiyo ionekane ndefu. Hata hivyo, mtoa huduma wa upande huo kwa kawaida humpendelea mteja anayemlipa, na huendelea kuitumia. Dawa ni mkataba unaomruhusu mteja kuagiza, kwa alama zilizokubaliwa, njia hiyo ishushwe daraja.

Dawa kali zaidi ni kutangaza kundi dogo la anwani upande mmoja, kwani dogo hulishinda kubwa. Nguvu yake ilionekana Februari 2008, mtandao mmoja wa Pakistan ulipotangaza sehemu ndogo ya anwani za YouTube, na watazamaji sehemu nyingi za dunia wakaikosa kwa takriban saa mbili.

Pamoja na hayo, BGP huhesabu mitandao, haioni nyaya. Watoa huduma wawili wanaotegemea waya mmoja baharini ni njia moja yenye ankara mbili.

Kwa hiyo mwenye hisa, na chama cha ushirika kinachouza mnadani, waulize mambo matatu: data ya kila mtoa huduma inapita waya gani, nani anaongoza data inayoingia, na lini laini kuu ilizimwa makusudi kwa majaribio. Kampuni isiyo na majibu imelipia laini mbili, lakini kinga bado haijanunua.