Wati 10,000 za nini, dogo?

Kama mfuko unaumwa, we soma tu hivyo hivyo, maana leo tunazungumzia kutumia hela, na ushauri ni wa bure.

Kila mwaka mpunga ukishavunwa, mji wa Ifakara unabadilika sura. Vijana waliokuwa wanashinda kwenye matope kule Mngeta na Mchombe wanaingia mjini wamependeza, mshiko uko mfukoni. Wenye maduka ya vifaa vya umeme nao si wajinga. Wanatoa spika nje, wanafungulia besi mpaka vioo vya fremu ya jirani vinalia. Kijana anasimama. Anatingisha kichwa. Anauliza bei. Hapo jua ameshanasa.

Sisemi asinunue. Mtu aliyelima, akafukuza ndege, akavuna na kubeba magunia ana haki ya kukaa geto kwake akaangalia muvi kwa raha zake. Ninachosema ni kwamba homu thieta inauzwa kwa mshindo, halafu mtu akifika nyumbani anagundua kwamba alichokuwa anakihitaji ni maneno.

Msimu uliopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayekaa Ifakara na bibi yetu, alinipigia simu. "Braza, njoo unisaidie kufunga mtambo. Nimeiona moja bab kubwa, spika tano na sabufa, wati elfu kumi!" Nikamwambia usilipe hata senti mpaka nifike.

Tuanze na hizo wati, kwa sababu ndipo wengi wanapopigwa changa la macho. Pasi ya umeme, hii ya kunyooshea nguo, inakula kama wati 1,000. Redio yenye wati 10,000 za kweli ingekula umeme wa pasi kumi kwa mpigo. Luku ingeisha kabla stelingi hajavua shati! Tena hapo jirani kuna Kidatu, ambako mitambo ya bwawa ina uwezo wa megawati 204. Gawanya mwenyewe: redio 20,400 za namna hiyo zikiwashwa pamoja zingemaliza umeme wote wa Kidatu. Haiji hata kidogo.

Ile namba kubwa kwenye boksi huwa inafuatwa na herufi PMPO. Hiyo ni namba ya kuuzia. Haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinajihesabia kinavyotaka. Herufi za kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo mtambo unaweza kuitoa mfululizo bila kuchoka. Kama huzioni, geuza mtambo, soma kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Kikisema unakula wati 80, basi mfululizo hauwezi kutoa zaidi ya hizo 80, tena nyingine zinaishia kuwa joto. Ule wa dogo, wa wati elfu kumi, nyuma ulikuwa umeandikwa 90. Dogo akacheka mwenyewe. Muuzaji ghafla akakumbuka ana bidhaa za kupanga kule ndani.

Kuna na hizi namba za 2.1 na 5.1. Ya kwanza ni spika mbili na sabufa moja. Ya pili ni spika tano na sabufa: mbili za mbele kushoto na kulia, mbili za pembeni kwa nyuma, na moja ya katikati. Hiyo ya katikati usiidharau, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maongezi kwenye filamu.

Mfumo wa Dolby Digital, ulioizoesha dunia mpangilio huu, uliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns. Mwaka huo huku Bara hata kituo kimoja cha televisheni hakikuwepo. ITV ilianza 1994. Watu walikuwa wanajazana kwenye vibanda vya video, spika moja, benchi la mbao, jasho linatiririka. Kisha wakaja akina Lufufu, wakawa wanaweka Kiswahili juu ya filamu za nje, na vibanda vikazidi kujaa. Watu walifuata nini pale? Walifuata maneno. Bomu linalipuka kwa lugha yoyote ile.

Sasa sikiliza hii. Mtambo wa 5.1 ukiuunganisha na TV kwa zile waya mbili, nyekundu na nyeupe, unapata sauti ya njia mbili tu. Spika tano zitalia, ndiyo, lakini zinagawana kile kile. Ili upate 5.1 ya kweli, filamu yenyewe iwe imerekodiwa hivyo, na waya uwe wa HDMI unaoingia kwenye tundu lililoandikwa ARC, au ule waya mwembamba unaopitisha mwanga. Muvi za kurushiwa kwenye flashi mara nyingi ni za njia mbili. Kabla ya kulipia spika tano jiulize kwanza, wewe unaangalia nini?

Kabla ya kuamua, dogo aliazima sabufa ya mshikaji wake tuijaribu nyumbani. Bibi akaitwa. Ni mtu mzima, masikio yamechoka kidogo, na jioni zake anazimalizia kwenye taarifa ya habari na tamthilia. Dogo akafungulia. Vikombe kabatini vikaanza kucheza. Bibi alivumilia dakika kumi, akanyanyua mkono.

"Mume wangu, ngurumo nimezisikia. Sasa hao watu wanasemaje?"

Dogo akaongeza sauti. Ngurumo nazo zikaongezeka. Bibi akatuaga kwa upole, akaenda kulala saa mbili na nusu, tamthilia yake ndiyo kwanza inaanza.

Nikamuuliza dogo: hela ya mpunga mliolima nyumba nzima, inunue kitu cha kumkimbiza bibi sebuleni kwake? Hakujibu. Alifungasha ile sabufa, akairudisha kwa mwenyewe usiku ule ule.

Kesho yake tulichukua mtambo mdogo zaidi, spika tatu za mbele na sabufa, wenye kitufe cha kupandisha sauti za maongezi. Hata filamu ikiwa ya njia mbili, mtambo wa aina hiyo unachukua zile sauti zinazofanana kushoto na kulia, ambazo kwa kawaida ndizo za watu wanaoongea, unazipeleka katikati. Chenji iliyobaki ikatosha stebilaiza.

Haya, kufunga. Spika za mbele zikae usawa wa masikio ya mtu aliyekaa kwenye kochi. Wabongo tunapenda kuzitundika kwenye kona za juu kama popo, halafu tunashangaa maneno yanatupita juu ya vichwa. Ya katikati iwe chini ya TV au juu yake, imekutazama usoni. Ya kushoto na ya kulia ziachane kwa umbali unaokaribiana na umbali wako hadi zilipo, ipatikane pembetatu. Waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Spika moja ukiigeuzia waya, besi inapotea na sauti inakuwa nyembamba, halafu unamsingizia Mchina.

Sabufa ikae sakafuni. Ukiisukuma kwenye kona besi inaongezeka, na ikianza kuvuma ivute nje ya kona kidogo kidogo mpaka itulie. Ikae mbali na kabati la vyombo. Na chumba chenyewe kikiwa kitupu, saruji chini na tofali pembeni, sauti inagonga ukuta na kurudi, maneno yanavurugika. Zulia, mapazia mazito na makochi vinasaidia kuliko spika ya ziada.

Kwenye rimoti za mitambo mingine kuna sehemu ya kuandika umbali wa kila spika. Usiiruke. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde. Lile daraja la Mto Kilombero lililofunguliwa 2018 lina urefu wa mita 384, kwa hiyo ukipiga mluzi upande wa Ifakara, unafika upande wa Ulanga baada ya sekunde moja na chenji. Chumbani ni kitambo kidogo mno, lakini mtambo ukijua umbali unazisubirisha spika za karibu ili sauti zote zikufikie pamoja. Ndiyo maana pia bluututhi iache kwa ajili ya muziki. Inachelewa, na kwenye muvi mdomo unafunga kabla neno halijafika.

Mabati je? Nyumba isiyo na silingibodi, masika ya Bonde la Kilombero yakishuka, hakuna mtambo wa kushindana nayo. Ukiongeza sauti unaua spika bure. Zima, chomoa kwenye umeme, chomoa na waya wa dishi, maana radi haibishi hodi. Umeme ukikatika, zima swichi na usubiri urudi na utulie ndipo uwashe. Na vile vitambaa vya kufuma tunavyofunikia redio, naomba mvipe likizo. Mtambo unapumulia juu na nyuma, na joto la Ifakara unalijua. Ukiufunika unaupika.

Sasa majirani. Nyumba zetu nyingi za kupanga kuta hazifiki kwenye bati, kwa hiyo besi yako ni ya wapangaji wote. Kuna mama ana mtoto mchanga, kuna mwanafunzi ana mtihani, kuna muuguzi ametoka zamu ya usiku. Nchi ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu 2015, lakini usingoje mtu akuletee karatasi ya serikali mlangoni. Ikifika saa nne usiku punguza besi hadi chini, acha maneno. Kama ulifunga vizuri, utasikia kila kitu.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda dukani wiki hii, nenda na flashi yako mwenyewe. Weka kipande cha filamu ambacho watu wanaongea kwa sauti ya chini. Mwambie muuzaji apunguze besi mpaka mwisho, asimame pembeni, asiguse rimoti. Ukielewa maneno kwa sauti ndogo, chukua. Usipoelewa, msalimie, nenda fremu inayofuata. Dai risiti na garantii iliyoandikwa, na mtambo uwashwe mbele yako, huo huo wa ndani ya boksi, siyo ule wa maonyesho.

Ikibaki chenji, nunua mbegu. Msimu unaofuata haungoji muvi iishe.