Betri haina kosa

Kila mwenye pikipiki ya zamani ameshaambiwa maneno haya, awe Sinza au Mpui: "Betri imekufa bosi, nunua nyingine." Fundi hajashika mita, hajafungua kiti, wala hajauliza tatizo lilianza lini. Amebonyeza honi mara moja, imelia kama mbuzi mwenye mafua, basi hukumu imetoka.

Nasema hukumu hiyo mara nyingi si ya haki, na sisi wateja ndio tunaoigharamia ili iendelee kutolewa.

Kwanza mjue nazungumzia pikipiki gani. Huku Ufipa, ukitoka Sumbawanga kuelekea Laela na Tunduma, hazijaisha zile Honda CG125 na ndugu zake wa enzi hizo. Zilikuwa za mabwana shamba, za mapadri, za miradi ambayo hata jina lake limeshasahaulika. Zikauzwa, zikapita mikono mitano, sita. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako oili hubadilishwa siku mtu akikumbuka. Baadaye Wachina wakainakili injini yake, na nyingi ya bodaboda zilizojaa nchini tangu miaka ya 2000 ni wajukuu wa huyo huyo mzee. Ndiyo maana mzee hafi: spea zipo kila duka. Na ndiyo maana anatibiwa hovyo, maana kubadilisha kitu ni rahisi kuliko kukitafakari.

Jamani, mfumo wa chaji wa pikipiki hizi si kitendawili. Kuna sumaku inayozunguka na injini. Kuna koili inayotoa umeme. Kuna kijisanduku cha rektifaya na regyuleta, kinachougeuza umeme huo ufae kwa betri na kuuzuia usizidi (zile za volti 6 za mwanzo hazikuwa na regyuleta, betri yenyewe ndiyo iliyokuwa breki ya umeme). Halafu kuna betri. Katikati ya hivyo vyote kuna nyaya na soketi, na kwa maoni yangu hapo ndipo ugonjwa ulipo mara nyingi. Vumbi la kiangazi huku linaingia kila tundu, masika linakuwa tope, na waya wa ethi uliofungwa kwenye fremu unaota kutu taratibu bila mtu kuuona. Nimeshuhudia kijana wa Mpui akibadilisha betri mbili ndani ya msimu mmoja wa mahindi. Dawa yake ilikuja kuwa kipande cha msasa na spana namba 10.

Hebu tuone kipimo chenyewe. Mita ya kawaida bei yake ni ndogo kuliko betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima ya volti 12 iliyojaa isome kama 12.6 au zaidi kidogo. Washa, ongeza moto mpaka injini ichanganye, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, chaji haifiki, na betri mpya nayo itaisha vile vile. Ikipita 15, regyuleta imekufa, na betri mpya itachemka kama ile uliyotupa. Kwa volti 6 tarajia kama 7 hivi. Haizidi dakika tano, na hapo hujatoa hata shilingi ya spea.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata mafundi wazuri. Kwenye pikipiki kubwa za koili tatu, koili ikigusana na ethi imeungua, tupa. Lakini kwenye nyingi ya hizi ndogo, ncha moja ya koili imefungwa kwenye ethi kwa makusudi tangu kiwandani. Fundi anapima, mita inapiga kelele, anakwambia koili imekufa. Koili nzima inakwenda jalalani! Kabla hujakubali, mwambie achomoe waya wa chaji, awashe injini na kupima umeme unaotoka. Kama volti zinapanda injini inapochanganya, aiache koili aendelee kutafuta mbele.

Usisahau mapambo yako pia. Koili ya CG imekusudiwa taa, honi na indiketa. Ukiongeza redio yenye spika mbili, honi ya lori, taa za rangi na chaji ya simu, unataka mzee abebe magunia ya kijana.

Utasema, si betri tu? Hapana. Kwenye nyingi ya pikipiki hizi taa kubwa inakula umeme wa koili moja kwa moja, kwa hiyo betri ikifa inaendelea kuwaka na dereva anadhani yuko salama. Kumbe taa ya breki, indiketa na honi vimekwisha. Na taa yenyewe, ukipunguza mwendo kukwepa shimo inafifia, pale pale unapoihitaji. Barabara ya Tunduma usiku ina malori. Nyuma ya pikipiki hiyo huenda amepakiwa mama mjamzito anayekimbizwa kituo cha afya.

Sasa lawama yangu. Fundi akikwambia anataka hela ya kupima tu, unamjibu, "Kwani umefanya nini?" Unampa tabasamu na kuondoka. Akikuuzia betri, unalipa bila kinyongo. Yeye ana watoto, ataacha kupima. Zamani kila homa ilikuwa malaria, unapewa vidonge unakwenda. Leo hata zahanati ya kijijini inakutoboa kidole kwanza, na hatuoni ajabu. Fundi naye akatoboe kidole, tumlipe kwa hilo hata kama hatukununua kitu. Mwombe akuandikie namba: injini imezimwa ngapi, inachanganya ngapi, kabla ya kutengeneza na baada. Fundi mwenye namba hawezi kukuuzia ubashiri.

Na kama mita imesema kweli betri imekwisha, nunua. Ila ichajiwe mpaka ijae kabla ya kufungwa, ijazwe maji ya betri na si ya kisima, na usiiache tupu wiki nzima. Juni na Julai hapa Ufipa kunakuwa baridi kali, na betri dhaifu huumbuka asubuhi. Wenye kiki piga kiki, pikipiki ikiwaka usiizime kabla ya kuipima.