Mukishi Bila Mukanda

Hapa kwetu Katanga siku ya sita ya juma tunaiita siku ya posho. Jina hilo hatukulipata kwa babu zetu. Lilitoka kambini, kwenye mstari wa wafanyakazi waliongoja chakula cha juma zima kutoka kwa kampuni. Siku ya posho, kisha siku ya Mungu. Nakumbusha jambo hilo kwa sababu siku hizi kila tunachokiita mila tunakibana humohumo, kati ya posho na misa. Ngoma inaanza saa nne, hotuba saa sita, saa kumi magari ya wakubwa yamekwisha kuondoka, nasi tunarudi nyumbani tukisema: leo tumeonyesha utamaduni wetu.

Siku moja ya posho nilialikwa kwenye sherehe ya namna hiyo, upande wetu huku wa Dilolo. Sitataja ni nani aliyeiandaa, maana kosa si lake peke yake. Ulikuwa mwezi wa pili, mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope uwanjani. Mukishi aliletwa nyuma ya gari, pamoja na viti vya plastiki. Alicheza dakika kumi, kisha akaondolewa kwa ishara ya mkono, kwa kuwa mukubwa mmoja alitaka kusema. Nyuma ya jukwaa akavua kichwa chake mbele ya watoto, akaomba kinywaji baridi. Mtoto mmoja akapaza sauti: "Kumbe ni muntu tu!" Wenzake wakacheka. Mzee aliyekaa karibu nami hakucheka. Alichukua fimbo yake, akaniambia: "Tuende, mwana. Apa akuna kintu."

Waliopita mukanda wanajua kwa nini mzee yule aliondoka. Wasiopita sitawaambia zaidi ya inavyofaa kuandikwa. Ila neno moja nitalisema waziwazi: mtoto yule hakuvunja siri. Sisi watu wazima ndio tulioivunja, kwa bei ya soda moja.

Ndugu msomaji, tukumbushane mukanda ni nini. Kwa majirani zetu Waluba wa Kasai neno hilohilo maana yake ni kitabu, au barua. Kwetu sisi, Wachokwe, Walunda na Waluvale, ni kambi ya porini ambamo watoto wanaume hutahiriwa na kufundishwa. Zamani kambi hiyo ilianza pamoja na kiangazi, kipwa kama tunavyosema huku, ikadumu mwezi mmoja mpaka mitatu, hata zaidi. Humo mtoto alijifunza kuvumilia baridi na uchungu, kutega wanyama, kujua miti, kucheza, kuheshimu wakubwa, kukaa na mwanamke baadaye kama mume. Makishi walikuwa walinzi wa shule hiyo. Chikunza alitisha, Mwana Pwo aliheshimu mama zetu na mabibi zetu. Mwishoni kambi ilichomwa moto, watoto wakatoka na majina mapya, na kijiji chote kikacheza, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuchezea: jana walikuwa watoto, leo ni watu.

Basi sherehe ile ilikuwa siku ya shahada. Na sisi leo tunafanya nini? Shule tumeifunga, waalimu wake wanakufa mmoja mmoja, lakini siku ya shahada tunaifanya mara nne kwa mwaka, kila anapopita mgeni. Mwanafunzi hayuko, aliyefundishwa hayuko, shahada peke yake ndiyo inayocheza matopeni.

Wengine watanijibu: Mwalimu, hata hivyo ni afadhali kuliko kusahau kabisa. Tamasha linatangaza jina letu. Je, limetangaza jina gani? Tuangalie ng'ambo. Zambia walipeleka makishi mbele ya UNESCO, wakakubaliwa mwaka 2005, na mwaka 2008 wakaingia katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika kwa mkono. Angola walipeleka sona, michoro yetu ya mchangani, ikaandikwa mwaka 2023. Mpaka wa Angola uko mlangoni petu, na watu wa pande zote ni ukoo mmoja. Kongo iliandikisha rumba mwaka 2021, pamoja na ndugu zetu wa Brazzaville. Ni vizuri, mimi pia naicheza. Lakini makishi wana jina la Zambia, sona ina jina la Angola, na sisi wa Dilolo tuna fulana zenye picha ya mgeni wa heshima.

Siwaonei wivu majirani. Nawaiga. Kila mwaka, kiangazi kinapokwisha, Waluvale wa Zambezi wanafanya Likumbi Lya Mize, na wageni kutoka mbali wanakwenda kwao. Makishi wanatoka kwa sababu ni wakati wao wa kutoka. Mgeni anafuata siku ya mila. Kwetu mila inafuata siku ya mgeni. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Wengine watasema: mukanda ulikuwa na hatari, kisu kimoja kwa watoto wengi. Ni kweli, nami sitamtetea mtu anayechezea damu ya mtoto. Kisu kiwe cha muuguzi, dawa iwe ya hospitali. Lakini hospitali inamaliza kazi yake kwa nusu saa. Baada ya hapo, nani anamfundisha mtoto yule kuwa mtu? Tukimwacha, kuna anayemngoja. Wako watoto wetu waliokwisha kupanda gari la Kolwezi kwenda kutafuta kobalti, na huko shimoni hakuna mzee wa kuwaambia neno.

Na masomo je? Masomo ya leta yanafungwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, yanafunguliwa mwezi wa kenda. Hapo katikati kuna karibu miezi miwili ya kiangazi, wakati uleule wa mukanda. Kalenda ya Wazungu na ya babu zetu zinakutana hapo bila kugombana. Sisi ndio hatukuangalia.

Kwa wachungaji na mapadri nasema kwa heshima: ingieni mukazungumze na wazee. Kama kuna fundisho moja au mawili yasiyofaa, yaondolewe. Lakini musiite shetani kile ambacho hamukukiuliza jina.

Nalisema hili sasa kwa sababu wakati unatukimbia. Treni ya Benguela iliunganishwa na reli yetu mwaka 1931. Vita ya Angola iliisimamisha mwaka 1975. Mwaka 2015 njia ya ng'ambo ikazinduliwa upya mpaka Luau, na mkoa wetu wa Lualaba ukazaliwa mwaka huohuo. Leo kila mtu anataja njia ya Lobito. Shaba na kobalti zitapita hapa, na wageni watapita pamoja nazo. Kila daraja litakalozinduliwa, kila utepe utakaokatwa, wataomba "ngoma ya asili". Tusipoweka sheria yetu mapema, tutawauzia makishi kwa rejareja mpaka hata wajukuu watachoka kucheka.

Nataka nini basi? Mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji feza nyingi.

La kwanza: hakuna mukanda, hakuna mukishi. Mgeni akifika mwezi wa pili, achezewe ngoma nyingine; tunazo za kutosha. Akitaka kumwona mukishi, aambiwe mwezi wake.

La pili: siku ya posho ya mwisho ya mwezi wa nane iwe siku ya kutoka kwa watoto, kwa vijiji vyote vinavyokubali. Wazungu wanasherehekea majira yao maua yanapochanua. Sisi, siku hizo, miti ya porini inaanza kuvaa majani mapya, mekundu kama moto, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka. Kuna majira mazuri kuliko hayo? Kila nyumba ilete bukari wa muhogo, sombe na munkoyo. Chakula kisitoke kwa mukubwa, maana anayetoa posho ndiye anayepanga siku. Wakubwa wakaribishwe, wakae mkekani na wazee, na hotuba wazitunze kwa siku nyingine.

La tatu: sona irudi uwanjani kwa masomo. Haitaki daftari wala umeme. Mzee anasawazisha mchanga, anapanga vidoto kwa ncha za vidole, kisha anazungusha mstari bila kuinua kidole, huku akisimulia hadithi. Mtaalamu wa hesabu Paulus Gerdes wa Msumbiji, aliyefariki mwaka 2014, aliandika vitabu juu ya hesabu iliyomo katika michoro hiyo. Mtu wa Maputo ameisoma, na mtoto wa Kasaji anapita juu yake kwa viatu.

Wazazi wenzangu, mzee yule wa siku ile hakuniaga kwa hasira. Tulipofika kwake alinionyesha nyuma ya nyumba mti ambao maganda yake hutengenezea sura ya mukishi. Akasema bado anajua kulitoa ganda bila kuua mti. Nikamwuliza: "Baba, nani mwingine anayejua?" Akahesabu kwa vidole. Mkono mmoja ulimtosha.